Kiwanja cha Ndani

Bakari Mwinyi alizikwa Shika Adabu mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, nami nilikwenda kilioni ingawa watu wa kwetu waliniuliza nafuata nini huko. Nilikaa na wanawake kwenye mkeka, nikanywa kahawa chungu, nikatoa rambirambi yangu kama wenzangu, na hakuna aliyenifukuza. Wenye umri wangu walinijua. Walinitazama, wakatazamana, kisha mmoja akanisogezea mto niegemeze mgongo, na hayo yakatosha. Aliyenitibua ni kijana, mwana wa binamu yangu, aliyenipakia kwenye gari lake kunirudisha kivukoni. Njiani akanionyesha kwenye simu tangazo la kiwanja cha Junda anachotaka kununua ajenge. Picha ya nyasi, vigingi vinne vyeupe, na maneno chini yake: maji na stima viko karibu. Nikamuuliza karibu ni wapi. Akacheka, akasema, "Shangazi, karibu si ni karibu tu." Nikamwambia asimamishe gari, na palepale kando ya barabara nikamfokea mpaka muuza madafu akaacha kazi yake kutuangalia. Maskini, hakujua amegusa donda gani.

Habari za ukoo wangu hazitawafaa kitu hapa. Yatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nasubiri nafasi ya chuo, na nilikuwa nikiishi Changamwe kwa Mjomba Athmani, ndugu ya mama yangu, na mkewe Bi Zuhura, ambaye mimi nilimwita Mkaza Mjomba kama ilivyo ada yetu. Nyumba ilikuwa ya kampuni: vyumba viwili, kimoja cha kulala wao, kingine cha kila kitu, na mimi nikilala humo humo nyuma ya pazia la maua mekundu. Dirishani tuliona mabomba ya moshi ya mitambo ya stima ya Kipevu. Mjomba alikuwa fundi wa winchi bandarini, mtu mpole, mwenye kutembea taratibu na kofia yake safi, na mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho kazini. Mwaka ukiisha, ufunguo unarudi kwa kampuni. Kwa hiyo ilikuwa lazima nyumba yake isimame mahali kabla ya hapo, la sivyo sisi watatu tungelala kwenye baraza za watu. Hilo ndilo lililokuwa likizungumzwa asubuhi kwenye mahamri na jioni kwenye samaki, na pazia halizuii maneno, kwa hiyo nililala nalo na kuamka nalo.

Kiwanja alikipata kwa mtu aitwaye Kassim, mwenyeji wa Shika Adabu, aliyetaka kuuza haraka ahamie Lungalunga kwa mke wake wa pili. Tulikwenda kukitazama sisi watatu, pamoja na Mutua, mwenzake Mjomba wa kazini, Mkamba aliyeishi Mombasa miaka mingi bila kubadilisha lafudhi hata chembe. Kiwanja kilikuwa cha ndani, nyuma ya miji ya watu na nyua zao, na kukifikia ulipita katikati ya ua wa shangazi yake Kassim, Bi Mwanatumu: nyumba yake mkono huu, jiko lake la makuti mkono ule. Kassim akapiga hodi. Bi Mwanatumu, mama mzima mwenye leso mbili na sauti ya kukwaruza, akaitika karibu, piteni, piteni wanangu. Tuliporudi alikuwa ametutayarishia muhogo wa kuchemsha na pilipili ya ndimu. Tukaketi, tukala. Mwanawe Bakari, mkwezi wa minazi, mwembamba na mrefu kuliko mlango wa kwao, akatuangulia madafu. Mjomba alifurahi kama mtu aliyeposa akakubaliwa.

Ni Mutua aliyeuliza, tukiwa tumeshatokea barabarani. Alikuwa ameishika karatasi ya kiwanja, akaigeuza huku na huku. "Sasa mzee, barabara iko wapi kwa hii karatasi? Mimi naona ploti, naona majirani, barabara sioni." Mjomba akacheka, akamwambia si tumepita sasa hivi kwa miguu yetu, na tumekaribishwa, na tumelishwa. Mutua akasema hapo tumepita kwa mtu, si kwa barabara, na amuombe yule mama atie kidole kwenye karatasi, watu wa ardhi waje kupima. Jioni ile nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia Mjomba akimweleza mkewe jambo hilo kwa kuudhika. "Mtu amenipa muhogo nyumbani kwake, nami nimtolee karatasi? Ataona namfanya mwizi. Huku kwetu njia haiandikwi, Zuhura. Njia ni uso wa mtu." Mkaza Mjomba akaitikia kwamba ni kweli. Na mimi, kwenye giza langu, niliona ni kweli. Miaka yote hii nimelifikiria kosa lile na nasema kwa kinywa kipana kwamba ni kosa letu sisi watu wa pwani, hakuna mwingine angelifanya. Mutua asingelifanya. Yeye hununua ardhi kama mtu aliyewahi kuibiwa. Sisi tunanunua kama watu waliokwenda kuposa, na kuuliza sana twaona ni utovu wa adabu.

Lori la kwanza la mawe lilikuja asubuhi moja ya mwezi wa tatu. Mjomba alilitangulia kwa miguu, amevaa kanzu kama aendaye harusini, akipiga hodi na kutabasamu, na nyuma yake lile lori likinguruma. Bi Mwanatumu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaliangalia. Mjomba akamwambia ni mawe tu, mama, tunapita mara moja. Wala hakungoja jibu, kwa kuwa hakudhani kuna jibu ila lile alilolizoea. Lori likaingia baina ya nyumba na jiko. Kioo chake kikachana makuti upande mmoja. Kisha gurudumu la nyuma likakanyaga shimo la choo la zamani, lililofunikwa boriti na udongo, boriti zikavunjika, lori likainama na kulilalia jiko. Jiko lote likakunjika juu ya moto uliokuwa ukiwaka. Chungu cha mbaazi kikampindukia Bi Mwanatumu mguuni. Sijasahau harufu ile: nazi, makuti yanayoungua, kinyesi cha shimo lililofunuka, na ngozi.

Bakari alikuwa juu ya mnazi wa jirani. Alishuka sijui vipi, maana nilimwona juu kisha nikamwona chini. Alimvuta dereva kwa ukosi kupitia dirishani na kumwangusha mchangani, akaokota mchi wa kinu, akampiga nao mdomoni, kifuani, mdomoni tena. Dereva akatema meno, akayatazama kana kwamba si yake. Matingo wawili, wapakuzi waliokuwa juu ya lori, wakaanza kuwarushia watu mawe, yale mawe ya kujengea nyumba yetu, na moja likampata Bakari mgongoni likamwangusha magoti. Hapo mtaa mzima ukaja. Vioo vya lori vikapasuliwa, matingo wakakimbilia migombani, mmoja akakamatwa akafanywa ngoma. Mjomba alisimama katikati akisema jamani, jamani, sisi ni watu wa Mungu mmoja, mpaka mtu mmoja akamzaba kofi na kofia ikaanguka. Niliiokota. Ilikuwa na damu, na haikuwa damu yake.

Wazee waliamua wiki ile ile. Mjomba ajenge jiko upya, amtibu mama wa watu mguu, na dereva naye atibiwe. Mjomba alikubali yote, akainamisha kichwa, akaomba radhi mara nyingi kuliko alizotakiwa. Lakini Bakari alikuwa ameshaangusha minazi miwili mizee akalaza magogo yake mdomoni mwa ua wao, pale unapotoka barabarani, na mbele ya wazee wote akasema: "Miguu ipite. Gurudumu halipiti." Mjomba akaenda ofisi ya ardhi kudai njia yake. Karani akamfungulia ramani, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu kiwanja kilichozungukwa pande nne na watu. Kassim alikuwa ameshahamia Lungalunga, na pesa alikuwa ameshazijengea.

Rahisi huvunja upishi. Nilikuwa nikilisikia neno hilo tangu utotoni kwa watu wanaonunua mchele mbovu, lakini mwaka ule nililiona likitembea. Kila jiwe la nyumba ile lilishushwa barabarani, likasukumwa kwa mkokoteni hadi kwenye magogo, kisha likabebwa kichwani. Ukilipa machimboni, ukamlipa mchukuzi, bado kuna vijana wa kibandani pale barabarani waliosema mzigo haushuki mtaani kwao bila wao kuonwa. Mchukuzi mmoja mzee alikataa kuwaona, wakampasua kichwa kwa kipande cha jiwe lile lile. Chini ya mchanga wa kiwanja kulikuwa na mwamba wa matumbawe, na shimo la choo lilichimbwa kwa mtaimbo na sururu inchi kwa inchi, mpaka kibanzi kilipomrukia mchimbaji mmoja jichoni na wenzake wakaacha kazi, wakadai fidia. Ofisi ya stima ikamwambia nguzo zote za kutoka barabarani atazinunua yeye, na kila mwenye ua akubali kwanza. Ofisi ya maji ikamwambia vivyo hivyo kuhusu paipu. Mjomba alikuwa amenunua udongo akidhani vitu hivyo vinafuata udongo kama vile mkia unavyofuata ng'ombe. Kuta zilipanda hadi kimo cha kifua, kiinua mgongo alichopewa mapema kikapungua haraka kuliko kuta zilivyopanda, na yeye akaanza kuniogopesha.

Alikuwa akirudi kutoka Shika Adabu bila salamu. Akila, alikula kama anapigana na chakula. Siku moja jioni Mkaza Mjomba alimpakulia wali na samaki wa kupaka, akaketi karibu yake, akamwambia kwa upole kwamba pengine wangekiuza, wapange chumba Mikindani, kwani nyumba si roho. Sahani ilimpita sikioni ikavunjikia ukutani. Kisha nikasikia kofi, na baada ya kofi mchuzi ukidondoka ukutani. Nilitoka nyuma ya pazia. Mkaza Mjomba alikuwa ameshika shavu, hakulia, alikuwa akimtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Mjomba akaniambia nirudi kulala. Nilimchukia, na nasema wazi kwamba nilimchukia, yule mtu aliyenisomesha na kuninunulia viatu. Asubuhi tulifuta ukuta sisi wawili wanawake, na doa la manjano halikutoka mpaka tunahama.

Mwezi wa tisa nyumba ilipata mabati. Ilibaki maji, kwani fundi hawezi kumaliza kwa ndoo, na paipu kuu ilikuwa barabarani, ng'ambo ya ua wa Bi Mwanatumu. Mjomba alikwenda kuomba. Nilikuwepo. Alikwenda amekunja uso, akasimama nje ya ua bila kuketi, akasema anataka kupitisha paipu kando ya ua wao, mtaro mwembamba tu, atafukia. Bi Mwanatumu alikuwa barazani, mguu wake ungali umefungwa kitambaa. Alimwangalia Bakari. Bakari akasema hapana, na kwamba mtu aliyeingia kwao na lori bila kuuliza asidhani atauliza leo, kwa sababu ameshindwa, akakubaliwa. Mjomba akaondoka. Njia nzima hadi kivukoni nilimwona akihesabu kitu kwa vidole, na ile Ijumaa iliyofuata nikajua alikuwa akipanga nini.

Alichimba wakati wanaume wako msikitini. Mjomba Athmani, ambaye sikumbuki kama aliwahi kukosa Ijumaa hata alipokuwa na homa, alingoja adhana, akaona kanzu zote zimeshapita barabarani, akaingia uani na vibarua wawili, majembe na paipu nyeusi iliyoviringishwa. Mimi nilishika upande mmoja wa paipu. Mkaza Mjomba alishika mwingine, kwa sababu mwezi wa mwisho wa nyumba ya kampuni ulikuwa unakaribia na yeye pia alitaka kulala kwake. Bi Mwanatumu akatoka mlangoni akichechemea. "Athmani," akasema, "mngoje mwanangu arudi." Vibarua, waliposikia sauti ya mama, wakapunguza mwendo, mmoja akaweka jembe chini. Mjomba akaliokota, akachimba mwenyewe, jasho likimtiririka ndani ya macho. Tulifika nusu ya ua.

Bakari alirudi na kanzu yake nyeupe. Alitazama mtaro, akaingia ndani, akatoka na panga la kufulia nazi. Aliinama juu ya mtaro, akaishika paipu kwa mkono wa kushoto, akaanza kuikata kwa wa kulia, kipande baada ya kipande, kama mtu anayewakatia watoto miwa. Mjomba alimwambia aache. Akamwambia tena. Paipu ile ilikuwa pesa ya mwisho, na kila kipande kilipoanguka Mjomba aliukaza mkono kwenye mpini wa jembe. Kisha jembe likapanda. Nilidhani atapiga paipu, au ardhi, au atalitupa. Likashuka kwenye kifundo cha mkono ulioshika panga. Sikusikia ukelele. Nilisikia mfupa.

Panga lilianguka na mkono haukuanguka, ulining'inia. Bi Mwanatumu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea, na mguu wake ule mbovu. Alivua leso ya juu, akaukaza mkono wa mwanawe juu ya jeraha, akamwambia Mkaza Mjomba alete yake pia, na Mkaza Mjomba akaichana yake kwa meno. Walifunga pamoja, wanawake wawili, damu hadi viwiko. Bakari alilazwa kwenye kitanda cha kamba, watu wakambeba kukimbilia barabarani, kwa kuwa gari lisingeweza kuingia. Magogo aliyoyalaza mwenyewe yalikuwa palepale. Wabebaji wawili wa mbele wakajikwaa, kitanda kikapinduka, akaangukia mkono ule. Hapo ndipo alipopiga ukelele, nao ningali nausikia nikiwa katika shughuli zangu, nikikamua nazi, nikihesabu chenji. Hospitalini walimkata mkono juu ya kifundo.

Mjomba hakukimbia. Aliingia ndani ya nyumba yake isiyo na milango, akaketi kwenye chumba kilichokuwa kiwe changu. Watu wakamfuata humo. Walimpiga kwa mawe ya kuta zake, kwa vipande vya boriti, kwa viatu vya Ijumaa. Jicho lake moja lilifumba na halikufumbuka vizuri maisha yake yote. Mkaza Mjomba alimlalia juu, akapigwa teke la mbavu akavingirika, akamlalia tena. Mimi niliuma mkono wa mtu, sikumjua na sitaki kumjua, niliuma mpaka nikaonja chumvi, akanibamiza ukutani. Nilikuwa na hakika kwamba tutakufa wote watatu katika nyumba tuliyoitafuta. Kisha nikasikia sauti ya kukwaruza mlangoni. Bi Mwanatumu alikuwa amesimama na mavazi yaliyolowa damu ya mwanawe. "Msimwue," alisema. "Mkimwua atapumzika." Wakaacha. Kwa miezi kadhaa nilidhani maneno yale yalikuwa huruma iliyosemwa kwa ukali, kama wasemavyo wazee wetu.

Mjomba alitolewa hospitalini akapelekwa rumande. Kampuni ikachukua ufunguo wake. Tukahamia Shika Adabu sisi wawili, Mkaza Mjomba na mimi, kwa sababu hatukuwa na pengine: vitanda kichwani, masufuria kichwani, kabati likafunguliwa mbao kwa mbao likabebwa kichwani. Madirisha tuliyaziba kwa magunia. Usiku tuliwasha koroboi. Maji hayakuwepo popote ila kisimani kwa Bi Mwanatumu, na siku ya kwanza Mkaza Mjomba alisimama na ndoo nje ya ua wao muda mrefu, akipiga hodi kwa sauti ndogo. Bi Mwanatumu akamwambia achote. Hakumwambia karibu, lakini akamwambia achote. Bakari alikuwa akikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mkono umefungwa kitambaa cheupe, akitazama minazi. Mkwezi hapandi kwa mkono mmoja. Wengine walikuja kuangua minazi ile, yeye akikaa chini akiwaelekeza, na nazi zilipoanguka aliziokota kwa mkono wa kushoto, moja moja.

Kesi ilipofika kusikizwa tulijua Mjomba anakwenda jela miaka mingi. Mkaza Mjomba alikuwa ameshamfulia nguo za kumuaga. Ndipo Bi Mwanatumu akasimama mbele ya hakimu, na Bakari kando yake, akasema wao ni majirani na wamesameheana, na kwamba hawataki kesi. Hakimu alimuuliza kama amelazimishwa. Akasema hakuna wa kumlazimisha yeye. Hakimu akamuuliza wanataka nini basi. Akasema gharama za hospitali, na kwamba mtu huyu arudi akae nyumbani kwake, asiuze, asihame, akae. Wazee wakaandika sulhu, kilichobaki cha kiinua mgongo kikalipa hospitali, na hakimu, baada ya kusitasita, akaridhia. Mjomba alilia palepale kizimbani kwa jicho lake moja, akataka kuubusu mkono wa mama yule, naye akauvuta. Mkaza Mjomba alisema njia nzima ya kurudi kwamba bado kuna watu wa peponi duniani. Nami niliitikia. Tulikuwa watu wawili wenye furaha kwenye kivuko, tukiwa na mtu wetu katikati.

Siku za mwanzo hakutoka. Alisema anapumzika. Akaziba nyufa, akapanga mawe yaliyobaki, akafagia kiwanja hadi kwenye kigingi cha mwisho kisha akafagia tena. Alisali ndani. Ukimtuma dukani alisema mguu unamuuma. Nilidhani ni aibu, na ilikuwa aibu, lakini siku moja nilimkuta amesimama dirishani nyuma ya gunia, ameliinua kidogo, akitazama ule ua. Hapakuwa na pa kupita pengine. Kushoto ukuta wa mtu, kulia ukuta wa mtu, nyuma miiba na shimo la mawe. Kila safari ya kwenda na kurudi, msikitini, dukani, kliniki, kivukoni, ilikuwa lazima impite Bakari kwa hatua mbili tatu, na Bakari hakuwa na kazi tena ya kumwondoa pale. Hata mimi, niliyekuwa nikipita kila siku na ndoo yangu, ndipo nilipoelewa alichoomba mama yule kortini.

Mkaza Mjomba aliyavumilia hayo kwa muda, kisha asubuhi moja, akichambua mchele, akamwambia bila kuinua macho: "Umetaka nyumba, umeipata. Toka mlangoni, Athmani." Mjomba akavaa kanzu. Akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Akaniambia nifuatane naye, nikafuatana naye, nyuma kidogo. Bakari alikuwa kwenye kigoda, muhogo ameubana kwa magoti, akiumenya kwa kisu kwa mkono wa kushoto, na kwa sababu hakuwa ameuzoea mkono huo maganda yalitoka na nyama. Bi Mwanatumu alikuwa jikoni, katika lile jiko jipya, akipuliza moto. Mjomba alifika karibu, miguu ikasimama yenyewe. Akatoa salamu kamili, kama mtu anayesoma.

Bakari akaweka kisu chini. Salamu ya Mungu haikataliwi, naye akaiitikia yote, hadi rehema na baraka, kwa sauti safi isiyo na hasira. Kisha akamtazama Mjomba kwenye lile jicho lililo zima.

"Pita," akasema. "Na ukirudi utapita hapa hapa. Na kesho. Na kesho kutwa. Mimi sina pa kwenda."

Mjomba akapita.